Protini Kiunzi na Kifo cha Seli za Neva Wakati wa Kiharusi

Protini kiunzi ni protini ambazo kazi yake kuu ni kuzishika protini nyingine mahali pamoja ili zipokezane taarifa kwa haraka. Katika seli za neva za ubongo, mpangilio huo huchangia kuamua iwapo seli iliyo katika dhiki itaishi au itakufa.

Mfano uliochunguzwa sana ni protini iitwayo PSD-95, iliyoelezwa mwaka 1992. Hupatikana kwenye sinapsi, yaani maungio ambayo seli moja ya neva hupitishia taarifa kwa nyingine. Protini hiyo hushika kipokezi cha NMDA, ambacho hufunguliwa na kemikali ya glutamati na kuruhusu kalsiamu kuingia ndani ya seli. Papo hapo, hushika pia kimeng'enya kinachozalisha nitriki oksaidi. Kwa kuwa viwili hivyo vimewekwa jirani, kalsiamu inayoingia hukiamsha kimeng'enya mara moja. Kwa kiasi cha kawaida, utaratibu huo husaidia ubongo kujifunza na kuhifadhi kumbukumbu.

Hali hubadilika pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba. Seli zilizokosa oksijeni hushindwa kudhibiti glutamati, kalsiamu huingia kupita kiasi, na nitriki oksaidi huongezeka hadi kuwa sumu. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006, mgonjwa aliyezibwa mshipa mkubwa bila kutibiwa hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika.

Dawa za kukifunga kipokezi chenyewe hazikufaulu kutibu kiharusi, kwani ubongo hukihitaji kwa kazi zake za kila siku. Mwaka 2002, watafiti wa Toronto, Kanada, walionesha kuwa kukitenganisha kipokezi na PSD-95 kulipunguza uharibifu katika ubongo wa panya, huku kipokezi kikiendelea kufanya kazi. Hata hivyo, dawa ya nerinetidi iliyotokana na ugunduzi huo ilipojaribiwa kwa wagonjwa 1,105, matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 hayakuthibitisha nafuu kwa wagonjwa wote kwa ujumla.

Kwa sababu hiyo, njia ya kuziokoa seli hizo imebaki kuwa kuuzibua mshipa mapema. Mwananchi akiona mtu amepinda uso upande mmoja, amelegea mkono ghafla au amevurugika kauli, anashauriwa kumfikisha hospitalini bila kuchelewa na kuwaeleza wahudumu saa ambayo dalili zilianza.