Kupunguza mzigo wa mfumo endeshi katika kompyuta kuukuu

Kompyuta ya ofisi ikichelewa kufungua fomu ya forodha, lori hubaki mpakani na gharama za maegesho hupanda. Si lazima kununua nyingine mara moja. Mfumo endeshi unaweza kupunguziwa mzigo. Kwanza, nakala za ankara, hati za usafirishaji na vyeti vya asili ya bidhaa zihifadhiwe kwenye diski ya nje.

Kumbukumbu (RAM)
Windows 10 ya biti 64 inadai angalau GB 2, kiasi ambacho hakitoshi mtu akifungua kurasa nyingi za intaneti. Programu zinazojiwasha zenyewe huzimwa kupitia Task Manager, sehemu ya Startup. Programu ya kuzuia virusi isiguswe. Vilevile nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu isiondolewe, kwani kumbukumbu ikijaa programu inaweza kujifunga kabla kazi haijahifadhiwa.

Diski
Disk Cleanup, ikifunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, huondoa mabaki ya masasisho na folda ya Windows.old. Amri ya compact /compactos:always hubana faili za mfumo na kuokoa takribani GB 2. Amri ya powercfg /h off hufuta faili la hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya ukubwa wa kumbukumbu. Hata hivyo, kwenye kompyuta ya mkononi faili hilo ndilo hutunza kazi iliyo wazi betri inapokwisha. Penye umeme wa kukatikakatika ni heri libaki.

Usalama
Kupunguza mzigo hakurudishi ulinzi. Msaada wa kawaida wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai GB 4 za kumbukumbu, GB 64 za diski na chipu ya usalama ya TPM 2.0, hivyo mashine nyingi za zamani hazikubaliki.

Njia nyingine ni Linux nyepesi kama Lubuntu au antiX, ambazo ni za bure. Hujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kilichomo. Wakati wa jaribio, wakala ahakikishe printa inachapa na mfumo wa forodha unafunguka. Kimojawapo kikigoma, asibadilishe mfumo wakati mzigo uko njiani.