Ukiona Vyaelea

Picha za anga zilikuwa shahidi wa historia kabla kompyuta hazijaenea. Mwaka 1923 mwanaakiolojia Mwingereza O. G. S. Crawford alizichungua picha zilizopigwa na ndege za kijeshi mwaka 1921 karibu na mawe ya kale ya Stonehenge. Humo aliona mistari hafifu ya mitaro iliyofukiwa, kandokando ya njia ya kale. Hakuridhika na karatasi. Mwaka huo huo alichimba, akaikuta.

Siku hizi programu ya ramani kama QGIS hulisaidia jicho. Katika picha ya kawaida, weusi ni 0 na weupe ni 255. Shamba likiwa lote kati ya 90 na 140, huonekana kama ukungu. Ukiamuru 90 iwe nyeusi na 140 iwe nyeupe, mistari hujitokeza, na faili yenyewe haibadiliki.

Hapo ndipo penye mtego. Mwenye hamu ya kugundua aweza kukoleza alama za matrekta akaziita boma la kale, na kijiji kikapewa historia isiyo yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi mtafiti na aandike vipimo alivyotumia, aionyeshe picha ya awali, kisha ashike jembe.