Pete ya Chuma na Pete ya Dhahabu

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana, kinachoweza kupotea katika mfuko wa shati, lakini kimewazuia watu wengi kuja kanisani kufunga ndoa. Kitu hicho ni pete ya arusi.

Twawajua watu hawa katika kila ushirika. Kijana na msichana wameanza kukaa pamoja. Wazazi wa pande zote mbili wanajua. Watoto wamezaliwa, wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Ukimwuliza yule bwana kwa nini hawaji mbele ya kanisa, atakujibu, “Mchungaji, ngoja kwanza nitafute pete.” Mwaka unapita, na mwingine. Siku ya Meza ya Bwana wao hukaa viti vya nyuma, na wakati wa kushiriki ukifika hutoka nje kimya kimya. Si kwamba hawapendani. Wanangoja dhahabu.

Basi na tuulize: pete hii ilitoka wapi? Nani aliyesema kwamba ni lazima iwe ya dhahabu? Historia inaweza kutusaidia hapa, maana mara nyingi twabeba mzigo ambao hakuna aliyetutwika.

Shaba ya Ukambani

Tuanze nyumbani. Wazee wetu wa Ukambani hawakuwa wageni katika mambo ya madini. Wahunzi wao walipata chuma kutoka kwa mchanga mweusi wa mitoni. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, na tena mwaka 1851, aliwakuta Wakamba wakiwa wafanya biashara mashuhuri. Misafara yao ilipeleka pembe za ndovu pwani, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Nyaya hizo mafundi walizifanya bangili za mikono na miguu, na mikufu myembamba ambayo wageni waliisifu sana. Msomi mmoja wa Sweden, Gerhard Lindblom, aliandika habari nyingi za ufundi na desturi za Wakamba katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1920.

Waingereza walipoweka kituo Machakos mwaka 1889, na baadaye John Ainsworth alipokuwa mtawala hapa kuanzia mwaka 1892, nyaya za shaba, shanga na nguo zilikuwa bado zikitumika mahali pa fedha. Mtu aliyevaa shaba alikuwa amevaa mali yake.

Lakini angalieni jambo hili. Pamoja na shaba hiyo yote, ndoa haikufungwa kwa shaba. Ndoa ilifungwa kwa ntheo, yaani mbuzi waliopelekwa nyumbani kwa kina msichana, wazee wa pande mbili wakikaa pamoja na kushuhudia. Mahari nyingine ingeweza kuendelea kulipwa kwa miaka mingi, lakini bila ntheo wazee hawakukubali kwamba pana ndoa. Mbuzi waliliwa, wala hakuna aliyewatafuta kesho yake ili aone kama ndoa bado ipo. Kilichobaki ni neno lililosemwa na watu waliolisikia.

Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika mwaka 1895, wakajenga kituo chao cha kwanza Nzaui. Scott mwenyewe alifariki Desemba 1896, lakini kazi iliendelea. Baadaye, ndoa za kanisani zilipoenea katika nchi yetu, pete nayo ilienea, hata sehemu nyingine watu wakaiita ndoa ya kanisani “ndoa ya pete”. Na hapo ndipo wengi walipoanza kufikiri kwamba pete ndiyo ndoa.

Wakristo hawakuwa na nia moja

Ndugu msikilizaji, ukiisoma Biblia yako tangu Mwanzo hadi Ufunuo hutaona amri ya kuvaa pete ya ndoa. Utaona mtumishi wa Ibrahimu akimpa Rebeka pete na bangili za dhahabu, katika Mwanzo 24. Utaona baba akimvika pete mwana aliyepotea, katika Luka 15. Utaona pia Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, akiwaonya watu wanaompa kiti kizuri mtu mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kando. Lakini mahali pa kusema kwamba bibi arusi asipovikwa pete hajaolewa, hutapaona.

Desturi hii ilikuwa ya Warumi. Na pete yao ya kwanza ya uchumba haikuwa ya dhahabu. Mwandishi Plinio, aliyekufa mwaka 79, asema kwamba hata katika siku zake mchumba alipelekewa pete ya chuma, isiyo na kito. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Tertuliano wa Karthago, Mkristo wa huku Afrika ya kaskazini, aliandika juu ya wanawake wa zamani ambao hawakujua dhahabu mwilini ila katika kidole kimoja, kile cha pete ya uchumba. Basi chuma kilitumika, na dhahabu ilitumika, na watu walioana.

Baada ya Matengenezo ya Kanisa, wazazi wetu wa kiroho walibishana sana juu ya jambo hili. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1549 kilitaka bwana arusi atoe pete pamoja na dhahabu au fedha. Kile cha mwaka 1552 kikaondoa dhahabu na fedha zile, kikabakiza pete. Mwaka 1603 wachungaji Wapuriti walimwomba Mfalme James wa Uingereza arekebishe mambo kadha wa kadha ya ibada, na pete ya ndoa ilikuwa mojawapo. Mwongozo wa ibada wa Westminster wa mwaka 1645, ambao Wapresbiteri waliufuata, uliwafungisha watu ndoa kwa kushikana mikono na kuweka ahadi, bila pete. John Wesley naye, alipowatayarishia Wamethodisti wa Marekani kitabu cha ibada mwaka 1784, aliiacha pete nje. Na Marafiki, ambao wajumbe wao walifika Kaimosi mwaka 1902, tangu zamani kwao hawakuifanya pete kuwa sehemu ya ndoa.

Siwaambii haya ili mvue pete zenu. Leo karibu makanisa yetu yote huvisha pete, na ni ishara nzuri: haina mwanzo wala mwisho, na humkumbusha mtu ahadi yake anaponawa mikono kila siku. Ninachosema ni hiki: watu wa Mungu wameoana kwa pete na bila pete, wala ndoa zao hazikupungua kitu.

Dhahabu ina habari zake

Tena tusidhani kwamba dhahabu ni safi kwa sababu inang'aa. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, nchi jirani yetu. Vita ni gharama. Tarehe 18 Desemba mwaka uo huo wanawake wa Italia waliitwa watoe pete zao za ndoa kwa serikali. Malkia Elena alitangulia kutoa yake pale Roma, na wengi sana wakamfuata. Badala ya dhahabu walipewa pete za chuma. Dhahabu iliyokuwa ishara ya upendo wa nyumba moja ikatolewa kusaidia vita vilivyobomoa nyumba nyingine katika Afrika.

Na hapa kwetu Kenya? Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, na Wazungu wakakimbilia huko kwa wingi. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima, na kwamba ikichukuliwa kipande, kipande kingine kitatolewa badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1932, ili ardhi iweze kuchukuliwa na mwenyewe alipwe fedha tu. Ahadi ya daima haikudumu hata miaka mitatu! Dhahabu haishiki kutu, lakini neno la mtu anayeitamani laweza kushika kutu upesi.

Hata leo, huko Migori na Kakamega, wachimbaji wadogo, wake kwa waume, huchanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu ili wapate chembe za dhahabu, na zebaki ni sumu. Anayenunua pete na ayakumbuke hayo, ajue kwamba mng'ao ule una jasho la mtu.

Ukienda kwa sonara

Sasa, ninyi mnaojitayarisha kwa arusi, sikieni mambo machache ya kuwafaa.

Dhahabu tupu huhesabiwa kuwa karati 24, nayo ni laini mno, huchanganywa na shaba na fedha ili iwe ngumu. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 75 katika 100, na mara nyingi hupigwa chapa 750. Ile ya karati 9 ina sehemu 37 na nusu tu, na chapa yake ni 375. Fedha nzuri ina chapa 925. Huwa nyeusi, lakini ukiisugua hung'aa tena. Shaba ni rahisi, ila yaweza kuacha alama ya kijani kidoleni. Pete iliyopakwa dhahabu juu tu itachujuka, basi usikubali kuilipia bei ya dhahabu. Chuma kisichoshika kutu ni cha bei nafuu na hudumu, lakini fundi hawezi kukipanua kwa urahisi. Pete ya tangsteni ni ngumu sana, wala haipanuliwi. Kidole kikivimba, kama wanavyovimba akina mama wengine wajawazito, haikatwi kwa msumeno mdogo wa hospitalini bali hupasuliwa kwa koleo. Na wewe unayefanya kazi ya mashine au ya kupanda ngazi, vua pete yako kwanza. Ndoa yako haivuki mlangoni na kwenda zake kwa sababu pete iko mfukoni.

Zaidi ya yote, nunua kwa fedha uliyo nayo. Mwenye uwezo wa dhahabu na anunue kwa shukrani, maana Rebeka naye alipewa dhahabu. Lakini mtu akikopa ili avike dhahabu, deni litakaa mezani pamoja na bwana na bibi kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa.

Kitu kinachoshuhudia

Liko jambo moja zito zaidi. Siku bwana anapofariki, na ndugu zake wanakuja kuuliza juu ya shamba, mjane akinyosha kidole chake na kuonyesha pete, hiyo peke yake haitamsaidia sana. Mahakama zetu, hapa Machakos pia, zimesikiliza kesi za urithi ambamo swali lilikuwa kama ntheo ilitolewa au haikutolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka mashahidi wawili, na inataka ndoa iandikishwe, ya kanisani na ya kimila pia. Mahali ambapo mila yadai mahari, sheria hiyo yasema kwamba sehemu ndogo ya kuonyesha nia yatosha. Pete haikutajwa kuwa sharti.

Basi, bwana, ukiwa na shilingi elfu chache tu na inakubidi uchague, tanguliza cheti na mashahidi. Hicho ndicho kitakachomlinda mama wa watoto wako wakati wewe huwezi tena kusema. Pete ya chuma itatosha kwa Jumamosi hiyo, na ikiwa Mungu atakubariki, ibadilisheni baada ya miaka kumi, au msiibadilishe kamwe.

Nanyi wachungaji na wazee wa kanisa, msaidieni kijana huyu. Mkimwona anakawia, mwulizeni kwa upole anangoja nini. Akisema pete, mwambieni wazi kwamba kanisa halikumdai dhahabu. Washirika wengine wamefungisha ndoa jozi kadhaa siku moja, chakula kimoja, ibada moja, na furaha haikupungua.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Tazama walivyolipanga neno lao: wema wa chanda watangulia, pete yafuata. Hawakusema pete ni ya nini.

Ninyi mnaokaa viti vya nyuma, Jumapili ijayo baada ya ibada mngojeeni mchungaji wenu mlangoni, mwambieni mko tayari. Njoni na mikono mliyo nayo. Mungu awabariki.