Kutoka Bustanini: Majina ya Wasichana Yatokanayo na Maumbile na Suala la Upekee

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wazazi wa Afrika Mashariki wanavyochota majina ya mabinti kutoka kwenye maumbile: mvua, usiku, maua, wanyama na nyota. Inadai kwamba majina hayo yana mikondo miwili. Mkondo wa ushahidi humpa binti mvua ileile anayopewa kaka yake. Mkondo wa pambo humwachia binti maua na vito, huku simba na duma wakienda kwa wavulana. Mzazi anayetafuta jina la nadra kwa bintiye, basi, ana haja ya kutoka bustanini zaidi ya haja ya kuokota ua ambalo jirani hajalitumia.

Utangulizi

Mzazi wa leo wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka jina ambalo mtoto mwingine darasani hatakuwa nalo huanza kwa kupekua orodha za intaneti. Humo hukutana na Luna, Aurora, Willow na Ivy. Ni majina matamu kutamka, na yote yametoka kwenye maumbile: mwezi, alfajiri, mti upendao maji, mmea utambaao ukutani. Lakini orodha hiyohiyo iko mikononi mwa mamilioni ya wazazi wengine, hivyo upekee unaoahidiwa humo una umri mfupi. Lililo zito zaidi ni kwamba orodha haisemi chochote kuhusu uhusiano wa mtoto na kitu anachoitwa. Aurora ni alfajiri ya mahali popote, ya siku yoyote.

Alfajiri ina jina lake kwa Wakalenjin pia: binti aliyezaliwa kukipambazuka ni Chepkoech. Hapo alfajiri ni moja tu, ile aliyokuja nayo. Tofauti ya majina haya mawili ndiyo kiini cha mjadala unaofuata.

Mvua moja, watoto wawili

Kwa Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, binti aliyezaliwa msimu wa mvua huitwa Nafula, na mvulana Wafula. Wa mavuno ni Nekesa na Wekesa. Wa kiangazi ni Nasimiyu na Simiyu. Wa wakati wa njaa ni Nanjala na Wanjala. Wajaluo wana Akoth na Okoth kwa mvua, Akinyi na Okinyi kwa asubuhi, Achieng' na Ochieng' kwa jua kali, Atieno na Otieno kwa usiku. Kwa Wakalenjin, Cherop na Kiprop ni wa mvua, Chebet na Kibet ni wa mchana. Wasukuma wana Kabula na Mabula, wote wawili wa mvua. Kwa Waswahili na majirani zao tunampata Mwanamvua, ambaye mtaani huitwa Mwamvua, na Chausiku aliyekuja usiku.

Ukiyaweka majina haya sambamba, jambo moja linajitokeza: jinsia imebebwa na kiambishi, na shina halibadiliki. Na- na Wa-, A- na O-, Che- na Kip- hutenganisha dada na kaka, kisha wote wawili hukutana kwenye mvua ileile. Binti hapewi manyunyu wala mvulana hapewi radi. Katika mfumo huu maumbile hayana upande laini wa wanawake na upande mkali wa wanaume. Beatrice Chebet aliposhinda dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, jina lililosomwa uwanjani lilikuwa la saa ya mchana, lilelile ambalo mvulana angelibeba kama Kibet.

Jambo la pili ni kwamba majina haya hayakukusudiwa kuwa ya nadra. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na kina Akinyi kadhaa, wakatambulishwa kwa jina la mama, la mume au la boma. Kazi ya jina ilikuwa kushuhudia: mtoto huyu alifika saa hii, msimu huu, tukiwa katika hali hii. Upekee ulikuwa wa tukio, na jina lilikuwa kumbukumbu yake.

Ni kweli kwamba ushahidi huo haudumu ulivyo. Akinyi wa leo huenda alizaliwa magharibi katika wodi yenye taa za umeme, akapewa jina la bibi yake. Hapo asubuhi inayotajwa ni ya bibi, na mjukuu ameirithi. Jina limehama kutoka kwenye ushahidi wa saa na kuwa ushahidi wa ukoo. Halijageuka pambo, kwa sababu bado linajibu swali "kwa nini wewe?"

Bustani na sanduku la vito

Mkondo wa pili unaonekana vizuri zaidi katika miji ya pwani: Waridi, Asumini, Rehani, Lulu, Marijani, Johari, Tausi. Hayahitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili, na uzuri wake haukanushiki. Linalohitaji kuangaliwa ni chimbuko la uzuri huo. Asumini huchumwa jioni zikiwa bado matumba, zikatungwa uzini au kufungwa pamoja na rehani kuwa kikuba, kisha zikachanua usiku kwa mvaaji. Kukicha zimenyauka. Ua hilo linapofanywa jina la mtoto, linaleta pamoja nalo chumba cha bibi harusi, manukato na jicho la mtazamaji. Linamsifu binti kwa kile atakachoonekana kuwa, tena miaka mingi kabla hajafikia umri wa kutazamwa hivyo.

Kaka zake wamepewa nini? Asadi na Haidari ni simba kwa Kiarabu, Fahadi ni duma, na Simba mwenyewe hana haja ya tafsiri. Mgawanyo huu ni wa wazi: anayetembea mwituni ni mvulana, anayechumwa ni msichana.

Historia inaupa mkondo huu kivuli kizito zaidi. Katika ulimwengu wa Kiislamu wa zama za kati, majina ya manukato na vito yalikuwa mtindo wa kuwaita watumwa. Kafur, aliyeitawala Misri katika karne ya 10 na kufariki mwaka 968, alianza maisha yake huko akiwa mtumwa, na jina lake ni kafuri, ile itumiwayo kwa harufu yake. Mtu aliitwa kwa kitu cha thamani kwa sababu mwenyewe alihesabiwa miongoni mwa vitu vya thamani. Karne zimepita, na watu huru wengi wamebeba majina ya aina hiyo kwa heshima hata doa hilo likafutika. Hata hivyo historia hiyo inatufundisha kwamba jina zuri la kitu kizuri linaweza kuwa namna ya kummiliki aitwaye.

Nyuki, mbuzi wa mlimani na chui

Pengine itasemwa kwamba dini ndizo zilizowapeleka wasichana bustanini. Majina yenyewe yanakanusha. Debora, mwamuzi na nabii wa Israeli, ni nyuki kwa Kiebrania. Raheli ni kondoo jike, Tamari ni mtende. Upande wa Kiarabu, Ramla, jina lililozoeleka sana pwani, limetokana na mchanga. Arwa ni mbuzi mwitu wa milimani, na malkia Arwa wa Yemen, aliyefariki mwaka 1138, alitawala nchi akiwa na jina hilo. Thuraya ni kile kikundi cha nyota ambacho Mswahili hukiita kilimia na kukitumia kupima majira, ndiyo maana wahenga wakasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Kwa hiyo, mchungaji aliyemtaka Nafula atafute jina la ubatizo, naye akatoka kanisani akiitwa Debora, hakumtoa kwenye maumbile. Alimtoa kwenye mvua akamtia kwenye mzinga. Kilichopimwa hapo kilikuwa lugha, si maana. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Rose, Lilian, Violet na Daisy, majina yaliyokuja na Waingereza yakahesabiwa ya Kikristo ingawa ni maua matupu.

Mfano wenye nguvu kuliko yote uko Nyeri. Kwa desturi ya Wagĩkũyũ, binti wa kwanza huitwa jina la bibi mzaa baba. Ndivyo alivyopata jina lake Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ngarĩ ni chui. Wangarĩ ni wa chui. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia alivyofundishwa na mama yake: akiwa njiani na kuuona mkia wa chui, asiukanyage, bali aendelee kutembea huku akimwambia mnyama kwamba wao wote wawili ni chui, hivyo hawana sababu ya kukosana. Mtoto wa kike alipita msituni bila hofu kwa sababu jina lilikwisha mwekea undugu na mnyama anayeogopwa.

Jina Wangarĩ si la nadra hata kidogo. Ni la maelfu ya wanawake. Lakini hakuna orodha ya majina ya kipekee iliyompa binti yeyote kitu kinachokaribia mafunzo yale.

Sarufi inaruhusu

Si kila lugha inayomwachia mzazi nafasi hii. Nchini Iceland, ambako majina mapya hupitishwa na kamati maalumu, msichana wa miaka 15 alilazimika kwenda mahakamani kulitetea jina lake, Blær, yaani upepo mwanana. Kosa lilikuwa la kisarufi: nomino hiyo ni ya kiume katika lugha yao. Kwenye hati za serikali aliandikwa "Stúlka", msichana tu. Tarehe 31 Januari 2013 mahakama ya Reykjavík ilimpa haki ya kulitumia jina lake, na mwaka 2019 sheria ikaacha kuyafunga majina kwa jinsia.

Kiswahili hakina kizuizi hicho. Nomino zetu hazina uke wala uume, na upatanisho wenyewe hufanya kazi ya kuita. "Waridi limechanua" ni habari ya ua. "Waridi amechanua" ni habari ya mtu. Jina lolote la kitu, likiwa la ngeli ya LI-YA au ya I-ZI, huvuka na kuingia ngeli ya A-WA pindi linapopewa mtoto. Zaidi ya hapo tuna nyenzo za kuundia. Mwana- imetupa Mwanamvua, Mwanajuma na Mwanaidi. Cha- imetupa Chausiku. Kwa nyenzo hizo, binti aliyezaliwa kati ya Aprili na Septemba, upepo ukitoka kusini, anaweza kuwa Mwanakusi. Wa mvua za mwaka anaweza kuwa Masika, jina ambalo tayari lina wenyewe. Wa asubuhi yenye nyasi mbichi anaweza kuwa Umande. Hakuna hata moja kati ya haya linalomfungia mtoto kwenye kioo cha mapambo, na kila moja Mswahili atalielewa bila kufasiriwa.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni dhihaka. Binti akiitwa Chui katika shule ya Kariakoo atachekwa, na haitamfaa kitu kuambiwa habari za Nyeri. Ni kweli, na jibu liko kwenye umbo. Wagĩkũyũ hawamwiti mtoto Ngarĩ, wanamwita Wangarĩ. Kiambishi ndicho kinachotangaza kwamba hili ni jina la mtu. Mzazi anayeunda jina jipya afuate umbo ambalo masikio ya jamii yake yamelizoea, kisha nadra aiweke kwenye shina.

La pili ni kwamba ushahidi unaweza kuwa mchungu. Nanjala hubeba njaa ambayo hakuisababisha. Mwamvita hubeba vita. Hapa busara ya dini inafaa: Mtume Muhammad alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Mzazi halazimiki kushuhudia kila kilichotokea siku ile. Ana haki ya kuchagua, kati ya mengi ya kweli, lile ambalo mtoto anaweza kuishi nalo.

La tatu ndilo gumu zaidi: majira yenyewe yanayumba. Mvua za masika siku hizi huchelewa, hupitiliza au hukosekana, na familia za mjini hazifuati tena kalenda ya jembe. Je, Nafula ana maana gani pale mvua isipofika kwa wakati wake? Naona pingamizi hili linaimarisha hoja badala ya kuibomoa. Majira yanapovurugika, jina linalosema "siku hiyo ilinyesha" lina thamani ya kumbukumbu kuliko lilivyokuwa wakati mvua ilipojulikana siku yake.

Hitimisho

Makala hii haidai kwamba Waridi aache kuitwa Waridi. Inadai kwamba upekee hautafutwi kwenye sauti ngeni, na kwamba ua jingine katika bustani ileile halimwongezei binti chochote. Mzazi na ajiulize mambo matatu: jina hili linashuhudia nini kuhusu siku, mahali au ukoo wa mtoto huyu? Je, ningeweza kumpa kaka yake maumbile hayohayo? Na umbo lake, je, linatambulika kuwa jina la mtu? Jina linalopita mitihani hiyo linatosha, hata likiwa na wenyewe elfu moja.

Wanaisimu wa Kiswahili nao wana deni. Majina ya majira ya Wabukusu, Wajaluo na Wakalenjin yanafahamika hata nje ya jamii hizo, lakini majina ya mabinti wa pwani yaliyotokana na pepo, maji na nyota hayajakusanywa kwa kiwango hicho. Yakusanywe sasa kutoka kwa bibi zetu wanaoyakumbuka, yaandikwe pamoja na sababu zake, na yawekwe mahali ambapo mzazi mwenye simu mkononi atayaona kabla hajamfikia Aurora.