Natasha, Daniel na Karatasi Zilizobaki Nje ya Filamu

Kitabu kwanza, filamu baadaye. Hiyo ndiyo sheria ya kikundi chetu cha vijana hapa Nakivale, na ndiyo sababu kila filamu ikiisha lazima tugombane. Mwaka huu ugomvi mkubwa umekuwa wa The Sun Is Also a Star, yaani jua nalo ni nyota. Wengi wenu mmeshaiona filamu. Waliosoma kitabu ni wachache, maana nakala tuliyo nayo ni moja, jalada limeshatoka, na inatembea nyumba kwa nyumba kama sufuria ya jirani. Mimi nimekisoma mara tatu. Naipenda hadithi ile kabisa, na kwa sababu naipenda nataka kuandika juu ya kile ambacho filamu imekiacha mlangoni.

Kwa ambaye hajui, kitabu ni cha Nicola Yoon, mwandishi aliyezaliwa Jamaica na kukulia Marekani. Mume wake, David Yoon, ni Mmarekani mwenye asili ya Korea. Kitabu kilitoka mwaka 2016, na mwaka huohuo kikaingia fainali ya tuzo ya taifa ya vitabu huko Marekani, upande wa vijana. Karibu hadithi yote inapita siku moja tu, ndani ya New York. Natasha Kingsley ana miaka 17, ametoka Jamaica akiwa na miaka 8, na hana karatasi. Kitabuni, usiku wa siku hiyohiyo familia yake inarudishwa Jamaica kwa nguvu. Daniel Bae ni mtoto wa Wakorea wenye duka la vitu vya nywele, na siku hiyo anakwenda kwenye mahojiano ya chuo kikuu. Natasha anaamini sayansi peke yake. Daniel anaandika mashairi na anaamini majaliwa. Wanakutana njiani, wanabishana, na kufika jioni wameshapendana. Filamu ilitoka mwaka 2019, imeongozwa na Ry Russo-Young, na wapenzi wameigizwa na Yara Shahidi na Charles Melton.

Nianze na mazuri. Yara Shahidi anajua kunyamaza. Kuna sehemu anasikiliza tu, na unaona kichwani mwake mtu anapiga hesabu za saa zilizobaki. Melton alipoanza kuimba kwenye kile chumba cha karaoke, dada zetu wa mstari wa mbele walipiga kelele mpaka aliyeshika kompyuta akaogopa kwamba spika imeungua. Na lile jiji! Kamera inalitazama New York kama mtu anayeaga. Hapo filamu imeshinda kitabu, sitabisha.

Sasa yale yanayoniuma. Kila baada ya kurasa chache, kitabu kinasimama na kutoa historia fupi ya mtu au kitu. Historia ya baba yake Natasha. Historia ya nywele za watu weusi. Historia ya Irene, mlinzi anayekagua mifuko kwenye jengo la uhamiaji, mwanamke ambaye siku hiyo amekata tamaa ya kuishi na hakuna anayejua. Yaani kila anayepita ana jina na ana alikotoka. Filamu nayo imejaribu kidogo. Ile habari ya nywele imo, inapita haraka kwa picha. Lakini Irene hana tena nafasi yake. Kinachobaki kikubwa ni majaliwa. Daniel anaona maneno Deus Ex Machina mgongoni kwenye koti la Natasha, maneno ya michezo ya kuigiza ya zamani, ambamo mungu alishushwa jukwaani kwa mashine ili kumaliza shida za watu. Daniel anaona ni ishara, na filamu inamwamini.

Mimi nauliza hivi: nani aliwaweka mtoto wa Jamaica na mtoto wa Wakorea kwenye mtaa mmoja, siku moja? Nikifuata historia nakuta karatasi tatu. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya mapenzi.

Karatasi ya kwanza ni sheria ya uhamiaji. Kabla ya mwaka 1965 Marekani ilipokea wahamiaji kwa mgawo wa nchi. Nchi za Ulaya ya kaskazini na magharibi zilipewa sehemu kubwa, wengine makombo. Kwa sheria ya mwaka 1952, Korea ilipewa nafasi 100 kwa mwaka. Si 100 kwa wiki, ni kwa mwaka mzima, ukiacha walioingia kwa njia nyingine kama wake wa wanajeshi wa Kimarekani. Na Jamaica, ambayo ilikuwa bado koloni la Uingereza, nayo ilikatiwa 100 kwa mwaka. Mia moja na mia moja. Kwa hesabu hiyo, baba yake Daniel na baba yake Natasha wangekaa kwenye foleni mpaka wazeeke.

Wajamaika wengi walikuwa wanakwenda Uingereza, lakini mwaka 1962 Uingereza nayo ikafunga mlango kwa sheria mpya, mwaka uleule Jamaica ilipopata uhuru. Halafu tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alisaini sheria mpya chini ya ile Sanamu ya Uhuru, New York. Mgawo wa nchi ukafutwa. Wakaanza kuingia kwa wingi watu wenye ndugu huko na watu wenye ujuzi, kutoka Asia na kutoka visiwa vya Karibi. Nyumba ya akina Bae imejengwa juu ya karatasi hiyo. Baba yake Natasha aliifuata njia iliyofunguliwa na Wajamaika hao, lakini bila kibali cha kubaki.

Sisi wakimbizi tusishangilie mapema. Sheria ile ya 1965 ilitenga nafasi chache za wakimbizi, ila ilitaka uwe umekimbia nchi ya kikomunisti au eneo la Mashariki ya Kati. Mkongo aliyekimbia vita wakati ule hakuwa kwenye maneno yake. Ni mpaka mwaka 1980 ndipo Marekani ilipotunga sheria ya wakimbizi isiyouliza kwanza umetoka upande gani wa dunia. Ndugu zetu walioko Marekani leo wamepita kwenye mlango huo wa 1980.

Karatasi ya pili inahusu nywele, na hapa dada zangu msikilize vizuri. Mwaka huohuo wa 1965, Marekani ilikataza wigi zilizotengenezwa kwa nywele kutoka Uchina, kwa sababu ya siasa ya kupinga ukomunisti. Soko likabaki wazi na Korea Kusini ikaingia. Wanawake maskini wa vijijini waliuza nywele zao, wasichana wakaajiriwa viwandani kushona wigi, na baada ya miaka michache wigi zikawa kati ya bidhaa kubwa ambazo Korea iliuza nje. Wakorea waliohamia Marekani walizichukua na kuziuza kwenye mitaa ya watu weusi. Ukijiuliza kwa nini duka la akina Bae ni la nywele za watu weusi, jibu ndilo hilo. Waliomtangulia baba yake Daniel walikuta njia imeshatengenezwa na serikali mbili.

Na njia hiyo ina kaburi. Mwaka 1979, kampuni moja kubwa ya wigi mjini Seoul, iliyoitwa YH, ilifunga milango na kuwaacha wafanyakazi. Wasichana karibu 200 wakaenda kukaa kwenye makao makuu ya chama cha upinzani, wakidai kazi na haki zao. Mwezi Agosti polisi waliwavamia usiku, na mfanyakazi mmoja, Kim Kyung-sook, akafariki akiwa na miaka 21. Hasira za watu zikaendelea kupanda, na tarehe 26 Oktoba mwaka huo rais wa Korea Kusini, Park Chung-hee, akapigwa risasi na mkuu wake mwenyewe wa usalama. Sisemi wigi zilimuua rais. Nasema kwamba wigi iliyoning'inia nyuma ya Natasha na Daniel pale dukani ilitengenezwa na wasichana wa umri wao.

Karatasi ya tatu ndiyo inayomfukuza Natasha. Tarehe 30 Septemba 1996, Rais Bill Clinton alisaini sheria kali ya uhamiaji. Zamani, mtu asiye na kibali aliyekaa Marekani miaka 7 mfululizo, mwenye tabia njema, aliweza kumwomba jaji asimamishe kufukuzwa kwake, akionyesha kwamba yeye mwenyewe au mtu wake wa karibu ataumia sana. Sheria ya 1996 ilifanya miaka iwe 10. Tena kuumia kwako wewe hakuhesabiwi: lazima aumie mume, mke, mzazi au mtoto wako mwenye uraia au ukaazi wa kudumu, na aumie kupita kawaida.

Sasa piga hesabu. Natasha aliingia na miaka 8, sasa ana 17. Ni miaka 9. Kwa sheria ya zamani angeweza angalau kusimama mbele ya jaji na kusema, mimi nitaumia. Kwa sheria mpya amepungukiwa mwaka mmoja. Mdogo wake Peter amezaliwa Marekani na ni raia, lakini kaka au dada hayumo kwenye orodha. Ndiyo maana Natasha anakimbia siku nzima kumtafuta wakili. Kitabuni wakili huyo anakosa kwenda kortini kwa sababu mchana ule alikuwa na mwanamke anayempenda, msaidizi wake wa kazi za sheria. Nyumba nzima inafukuzwa, na wakati huohuo watu wengine wawili wanaanza mapenzi yao. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje kuvuta hewa.

Nilipoyasema haya baada ya filamu, binti mmoja wa kikundi alinijia juu: "Yaya, wewe unatuharibia filme. Sisi tuko tunatafuta mapenzi, wewe unatuletea sheria!" Wakacheka wote. Na ana haki yake. Binti huyo ana miaka 16, amezaliwa hapahapa, na kila siku ya maisha yake watu wanamletea habari za kadi, za orodha na za mahojiano. Acha apate saa moja na dakika arobaini za watu wazuri wanaopendana kwenye jiji zuri. Kwenye vibanda vya video hapa Uganda, VJ anatafsiri filamu kwa Luganda na kuongeza utani wake, na watu wanalipa kwa furaha. Filamu si kesi ya mahakama.

Lakini nilimjibu hivi: mdogo wangu, ukiambiwa ni majaliwa yaliyowakutanisha, basi ni majaliwa pia yaliyowatenganisha, na hakuna wa kuulizwa. Kitabu kinakataa hilo. Kinaonyesha kwamba ni watu waliokaa mezani na kuandika namba: 100, 7, 10. Namba iliyoandikwa na mtu inaweza kufutwa na mtu, kama ilivyofutwa ile ya 100. Ndiyo tofauti ninayogombania.

Na mwisho wa hadithi ndio ulionikera zaidi. Kitabuni Natasha na Daniel wanaachana, barua na simu zinapungua, maisha yanawafunika. Wanakutana tena baada ya miaka 10, ndani ya ndege, na anayesababisha ni Irene, yule mlinzi. Neno la asante ambalo Natasha alimwachia kwenye simu lilimrudishia hamu ya kuishi, akawa mhudumu wa ndege, akamtambua. Filamu imefupisha muda wa kusubiri na kuwakutanisha kwenye mkahawa waliopita siku ile. Wengi walipiga makofi. Mimi nilikumbuka kwamba sheria ya 1996 nayo ina miaka 10: mtu mzima aliyekaa bila kibali mwaka mmoja au zaidi, akitoka, anafungiwa mlango miaka 10. Skrini inaandika kwamba miaka imepita, na maneno yale yanakaa sekunde mbili. Nakivale ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na bado ipo. Hapa hakuna anayehitaji kuelezwa ukubwa wa mwaka mmoja, na filamu ambayo ingethubutu kutuacha tuusikie mwaka huo ingetupata sote, hata yule binti.

Kitabu kitakuwa kwangu mpaka mwisho wa mwezi, halafu anakichukua yeye. Ameshaomba. Kwa mkutano ujao nimewaomba wote waandike ukurasa mmoja kwa namna ya Yoon: historia fupi ya mtu ambaye filamu yoyote ingempita bila kumtazama. Mama anayepanga madumu kisimani. Mzee anayelinda geti la shule. Fundi anayesuka nywele chini ya turubai. Msijiandike wenyewe, andikeni wao, na mkawaulize kwanza. Kurasa zitakazokuwa nzuri tutaziweka kwenye toleo linalofuata.