Kutoka Galaksi Hadi Nyumbu: Burudani ya Kutazama Picha Iliyozaa Sayansi

Kevin Schawinski alitazama picha za galaksi 50,000 ndani ya wiki moja, moja baada ya nyingine, akizigawa makundi mawili: zenye umbo la yai na zenye mikono iliyojisokota. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Wiki ilipokwisha alikuwa amechoka kabisa, na mbele yake zilibaki picha nyingine zinazokaribia 950,000.

Picha hizo zilipigwa na darubini ya Apache Point iliyoko New Mexico, Marekani, yenye kioo cha mita 2.5. Darubini ilikuwa ikipiga picha za anga usiku baada ya usiku kwa kujiendesha yenyewe, ikakusanya galaksi milioni moja kabla wanasayansi hawajajua watazipanga vipi. Kompyuta za miaka ile zilikosea mno katika kazi ya kutambua maumbo. Jicho la binadamu, hata la mtoto wa shule, liliziacha mbali.

Schawinski na mwenzake Chris Lintott walilizungumza jambo hilo wakiwa baa, mjini Oxford. Mwaka mmoja nyuma, yaani 2006, mradi mwingine ulikuwa umewaomba watu wa kawaida watafute kwenye picha chembe za vumbi zilizoletwa duniani na chombo cha anga cha Stardust, na watu wakajitokeza kwa wingi. Ikiwa kuna watu walio tayari kutafuta vumbi, nani angekataa kutazama galaksi?

Tovuti ya Galaxy Zoo ilifunguliwa Julai 2007. Waanzilishi walidhani kazi ingechukua miaka. Haikupita siku mbili kabla majibu hayajaanza kuingia kwa kasi ya takriban 70,000 kwa saa. Katika mwaka wa kwanza watu wapatao 150,000 walitoa majibu zaidi ya milioni 50, hivyo kila galaksi ikatazamwa na macho mengi tofauti. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeulizwa cheti. Mtu alitoka kazini, akala, akafungua kompyuta na kuanza kubofya: yai, mkono, yai, mkono unaozunguka kinyume cha saa.

Ni nini kiliwafanya wakae pale? Sehemu ya jibu ni uzuri wa picha zenyewe. Sehemu nyingine ni kwamba darubini ilifanya kazi bila mtu kuchungulia, kwa hiyo aliyefungua ukurasa nyumbani kwake huenda alikuwa binadamu wa kwanza kabisa kuiona galaksi ile. Heshima hiyo haikuwa ya kutungwa na watu wa matangazo. Ilikuwa kweli.

Agosti mwaka huohuo, mwalimu wa shule kutoka Uholanzi, Hanny van Arkel, alikuwa akipitia picha za tovuti hiyo. Alikuwa amesikia habari za mradi kupitia Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ambaye pia ni msomi wa elimu ya anga. Chini ya galaksi iitwayo IC 2497 akaona doa la buluu lisilo na umbo la kueleweka. Kwenye fomu ya tovuti hapakuwa na kitufe cha kitu kama hicho. Angeweza kubofya jibu lolote na kuendelea. Badala yake aliuliza: hiki ni nini?

Wanasayansi hawakuwa na jibu la haraka. Darubini kubwa zikaelekezwa huko, na mwishowe ile ya Hubble. Ikaonekana kuwa doa ni wingu kubwa la gesi, lililo umbali wa takriban miakanuru milioni 650. Gesi hiyo inang'aa kwa sababu ilimulikwa na kwasari, yaani kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi linameza maada na kutoa mwanga mkali kupita kiasi. Kwasari yenyewe imekwisha kufifia. Wingu bado linaonyesha mwanga wa zamani kwa sababu nuru ilichukua maelfu ya miaka kusafiri kutoka kiini hadi kwenye gesi. Likapewa jina la Hanny's Voorwerp, na jina la mwalimu likaingia katika fasihi ya elimu ya anga.

Watu wengine wa tovuti hiyohiyo walianza kukusanya vidoa vidogo vya kijani, vya mviringo, wakiviita njegere kwa utani. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu njegere hizo: ni galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa kasi isiyo ya kawaida. Nazo pia hazikuwa kwenye fomu.

Mwaka huohuo wa 2009 mradi ulipanuka ukawa Zooniverse, jukwaa lenye miradi mingi ya namna hiyo. Na hapo ndipo habari hii inapofika Serengeti, nchini Tanzania.

Hifadhi ya Serengeti ina historia ndefu ya kuhesabu. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga hiyo kwa ndege ndogo iliyochorwa mistari ya pundamilia, wakihesabu makundi ya wanyama kutoka angani. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka. Tangu 1966, simba wa Serengeti wamefuatiliwa na mradi maalumu ulioanzishwa na George Schaller, ambao baadaye uliongozwa kwa miongo kadhaa na Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Simba walijulikana kwa nyuso na kwa koo zao. Wanyama wengine waliowazunguka hawakuwa na bahati hiyo.

Alexandra Swanson, mwanafunzi wa Packer, alitaka kujua simba, fisi, chui na duma wanaishije katika eneo moja bila kumalizana. Mwaka 2010 kamera 225 zilitegwa katika eneo la kilomita za mraba 1,125, zikifungwa kwenye miti na nguzo. Kila kamera ilipiga picha yenyewe ilipohisi joto na mwendo. Ilikuwa kazi ngumu ya porini. Fisi walizitafuna, tembo walizing'oa, na nyasi ndefu zilizopigwa na upepo kwenye jua kali zilizidanganya zipige picha za kitu kisichokuwapo.

Picha zikarundikana kwa mamilioni, na wanafunzi wachache wa Minnesota hawakuweza kuzimaliza. Desemba 2012 zikawekwa Zooniverse kwa jina la Snapshot Serengeti. Aliyefungua aliona picha, akachagua jina la mnyama, akataja idadi, akasema kama amesimama, amelala, anatembea au anakula, na kama ana mtoto. Mtu wa Bunda au Mugumu, miji iliyo karibu na hifadhi, aliyekua akiwaona wanyama hawa angetofautisha nyamera na kongoni kwa kutupa jicho tu. Mtu aliyekaa Ulaya ilimbidi ajifunze: pembe zimepinda vipi, mgongo una mteremko gani, mkia una rangi gani. Tovuti ilimsaidia kuchuja kwa pembe, kwa mistari na kwa umbo. Baada ya jioni kadhaa alikuwa akimtambua mondo na simbamangu kwa ncha za masikio, na swala tomi kwa ule mstari mweusi ubavuni.

Zaidi ya watu 28,000 waliojiandikisha walishiriki katika awamu za mwanzo, wakatoa majibu milioni 10.8 kwa seti za picha milioni 1.2. Kati ya seti hizo, zilizokuwa na wanyama zilikuwa 322,653 tu; takriban robo tatu zilikuwa majani na anga. Mtu angedhani picha tupu zilikuwa adha, lakini watafiti walipochunguza walikuta kinyume: watu waliokutana na picha tupu nyingi walikaa muda mrefu zaidi. Ukishapitia nyasi, nyasi, nyasi, kisha ghafla akatokea nyegere katikati ya usiku, huwezi kuondoka.

Je, majibu ya watu wasio wataalamu yanaaminika? Kila picha ilionyeshwa kwa watu kadhaa na majibu yao yakalinganishwa. Wataalamu walipopima sampuli ya zaidi ya picha 4,000, walikuta majina ya wanyama yamepatiwa kwa asilimia 96.6. Kutokana na majibu hayo Swanson na wenzake walipata jibu la swali lao. Dhana iliyokuwapo ni kwamba duma hukimbia kabisa maeneo ya simba na hivyo hupoteza maeneo ya mawindo. Kamera zilionyesha duma wakitumia maeneo yaleyale ya simba, ila wakijiepusha nao kwa muda mfupi, saa chache tu. Katika miongo ambayo simba wa eneo la utafiti waliongezeka karibu mara tatu, idadi ya duma haikuporomoka. Kwa mtu anayepanga uhifadhi wa duma, hilo ni jambo kubwa.

Halafu ikaja zamu ya mashine. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilitumia picha milioni 3.2 za Serengeti, pamoja na majibu ya wale wa kujitolea, kuifundisha kompyuta kutambua aina 48 za wanyama. Pale ilipoachiwa picha ilizokuwa na hakika nazo tu, iliweza kushughulikia asilimia 99.3 ya kazi kwa usahihi uleule wa binadamu. Walikadiria kuwa imeokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi ya mikono. Inafaa isemwe wazi kwamba mashine hiyo haikujifunza kwa wataalamu. Ilijifunza kwa mtu aliyekuwa akibofya jioni kwa raha zake, na bila yeye isingemjua hata nyumbu.

Kompyuta bado hubabaika kwa wanyama adimu, kama kicheche, kwa sababu picha zao ni chache mno za kujifunzia. Tena hujibu lile tu ililofundishwa kujibu. Doa la Hanny lingepita mbele yake likaitwa galaksi au hitilafu, basi. Kwa hiyo watu hawajafukuzwa. Mradi wa Serengeti umepanuliwa ukawa Snapshot Safari, wenye kamera katika hifadhi za nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Ruaha na Grumeti nchini Tanzania na Enonkishu karibu na Maasai Mara, Kenya. Siku hizi hata simu inatosha, na kushiriki ni bure. Wangefaa sana kuwamo kwenye orodha ya washiriki wale ambao wangeifanya kazi hii kwa wepesi kuliko wote: wanafunzi na wazee wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, wanaomjua tohe na pofu bila kuonyeshwa kitabu. Shule ya Mugumu ikiwa na kompyuta moja na kifurushi cha intaneti, inaweza kuanza wiki hii.