Punda Hana Nundu
Zamani za walowezi, mizigo ya huku Kikopey, Kenya, ilivutwa na maksai. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, lakini kutoka stesheni hadi mashambani ilibaki kazi ya nira. Nira humfaa ng'ombe kwa kuwa inaegemea nundu. Punda hana nundu. Akivalishwa nira, mti humchuna shingo hadi kidonda. Punda wangu namvika mkanda mpana wa kifuani, chini ya koo, ulioshonewa blanketi, na mwingine nyuma ya mapaja uzuie mkokoteni mteremkoni. Mzigo naupanga juu ya ekseli. Februari 2020 Serikali ilipopiga marufuku uchinjaji wa punda, nilifurahi sana, ingawa mahakama iliiondoa marufuku hiyo mwaka 2021. Sasa tumlinde pia akiwa kazini.